Simu kuficha anwani yake ya MAC: haki ya mtumiaji au usumbufu kwa wasimamizi wa mitandao?

Mleta mada: Wakuu, wapo wasimamizi wa mitandao wanaotaka kila simu ioneshe anwani yake halisi ya MAC, na inayoficha isiunganishwe. Napinga kabisa.

Anwani hiyo ni namba ya biti 48 ambayo kadi ya mtandao hutoka nayo kiwandani. Nusu ya kwanza humtaja mtengenezaji aliyesajiliwa na IEEE (taasisi ya viwango vya teknolojia), nusu ya pili kifaa chenyewe. Swichi, kifaa kinachounganisha vifaa vya mtandao mmoja, huihitaji ili ijue data itoke poti (tundu la waya) ipi. Haivuki ruta, kwa hiyo tovuti unayoifungua haiioni (wengi huichanganya na IP, anwani ambayo mtandao hukipa kifaa kinapounganishwa).

Shida ni kwamba simu inayotafuta Wi-Fi huweza kuitangaza hewani hata kabla hujaunganisha chochote. Mwaka 2013 jijini London, mapipa ya taka ya kampuni ya Renew, yaliyofungwa vifaa vya kielektroniki, yalinasa anwani za simu za wapita njia bila kuwaomba ruhusa, hadi mamlaka ya City of London ilipotaka zoezi lisitishwe mwezi Agosti. Namba isiyobadilika inatosha kukufuatilia mtaa kwa mtaa bila hata jina lako kujulikana! Mwaka 2014 iOS 8 (mfumo wa simu za iPhone) ikaanza kutumia anwani za bandia wakati wa kutafuta mtandao, na mwaka 2019 Android 10 ikafanya hivyo hata wakati wa kuunganishwa.

Mchangiaji: Mkuu, la mapipa nakubali. Ila mimi nasimamia mtandao wa chuo. Mwanafunzi akiufuta mtandao kwenye simu kisha akajiunga upya, anaweza kuja na anwani nyingine, nami nahesabu vifaa viwili. IP zinaisha. Na niliyemfungia kwa kosa anarudi kama mgeni.

Mleta mada: IP zikiisha, punguza muda wa kila kifaa kushikilia IP yake. Huyo uliyemfungia ndiye anayenipa hoja: MAC husafiri bila kufichwa hata kwenye Wi-Fi yenye nywila, na yeyote mwenye laptopu anaweza kuinakili na kujifanya mwenzake. Ukimfungia mtu kwa MAC, unaweza kumwadhibu asiyehusika. Weka 802.1X (kiwango cha kuthibitisha anayeingia mtandaoni), kila mwanafunzi aingie kwa akaunti yake, umfungie mhusika mwenyewe.

Nami nikuulize: kumbukumbu za MAC hapo chuoni mnazitunza kwa muda gani, na nani anaruhusiwa kuzifungua?