Mrejesho: mashine ya kufyonza vumbi, ya mfuko au ya kopo?

Ndugu zangu, asanteni sana. Niliuliza ninunue ipi kati ya zile za magurudumu zenye bomba, inayokusanya vumbi kwenye mfuko au kwenye kopo, maana hapa Kampala vumbi jekundu halituachi na mwanangu ana pumu. Nimewafuata mliosema mfuko na chujio la HEPA, lile linalonasa hata vumbi laini sana. Mmenisaidia mno: ukijaa natupa wote, hakuna kinachotimka, wakati kopo lazima ulikung'ute. Waya unajikunja wenyewe ukikanyaga kitufe, raha tupu. Ngazi ndizo zimeshindikana. Bomba halifiki, nabeba mashine mkononi, nayo nzito. Mifuko pia ni adimu madukani, nunueni ya akiba siku hiyohiyo. Dada uliyeshauri brashi yenye mota kwa zulia, bado naitafuta.