Mtoto wa mkimbizi Kigoma asome kwa lugha gani?

Mleta mada:
Wakuu, naomba tulijadili hili bila kurushiana maneno. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongomani waliokimbia vita. Mtoto aliyezaliwa humo mwaka ule leo ni mtu mzima, na huenda ana mtoto anayeanza shule palepale. Shule za kambi zimefuata mtaala wa kwao: wa Kongo kwa Wakongomani, wa Burundi kwa Warundi. Yote miwili, kadiri mtoto anavyopanda madarasa, inaishia kwenye Kifaransa. Nje ya kambi, shule ya kijiji inafundisha kwa Kiswahili, kama karibu shule zote za msingi za serikali tangu 1967.

Mimi nasema wasome mtaala wetu, kwa Kiswahili. Tulishawahi kufanya hivyo. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa ardhi Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakalima, na watoto wao wakasoma kama watoto wengine wa nchi hii. Mwaka 2014 zaidi ya 160,000 kati yao na vizazi vyao wakapewa uraia. Waliokuja miaka ya 1990, na tena kuanzia 2015, wamesomeshwa kama watu wanaofungasha mizigo kesho asubuhi. Kwa Mkongomani wa Nyarugusu kesho hiyo inakaribia miaka 30.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, akirudi kwao ataulizwa cheti. Na cheti cha darasa la saba cha Tanzania atakipeleka wapi Bujumbura? Huo mtaala wa kwao ndio njia yake ya kurudi, tusimzibie. Halafu shule zetu wenyewe madarasa yamefurika. Mzazi wa Kibondo ambaye mwanawe anakaa sakafuni utamwambia nini?

Mchangiaji wa pili:
Nimezaliwa Ulyankulu, kwa hiyo niruhusuni niseme kwa kirefu kidogo.

Kaka yangu alirudi Burundi mwaka 2008 na watoto watatu. Mkubwa alikuwa darasa la sita huku, na hesabu alikuwa anaziweza. Kule akarudishwa nyuma, akaketi na watoto wanaomfika kiunoni, kwa sababu maswali yalikuwa kwa Kifaransa. Kujumlisha sehemu alikuwa anajua vizuri. Hakujua tu swali linataka afanye nini. Kirundi chake nacho kilikuwa cha nyumbani, kimechanganyika na Kiswahili, wenzake wakawa wanakicheka. Mwaka uliofuata akaacha shule. Nilimkuta baadaye anaponda kokoto kando ya barabara, na mpaka leo sipendi kuikumbuka siku ile.

Kwa hiyo mleta mada, usiielezee 1972 kama vile haikuumiza mtu. Lakini mchangiaji wa kwanza naye asifurahie mapema. Mimi nilibaki. Kiswahili kilekile kilichomkwamisha mtoto wa kaka ndicho kilichonisomesha na kunipa kazi, na nikiingia ofisini hakuna anayeniuliza nimetoka wapi. Lugha moja, nyumba moja, na imetupeleka pande mbili tofauti. Hakuna aliyekaa na baba yetu akamwambia mtoto atahitaji lugha gani akirudi, na lugha gani akibaki.

Mleta mada:
Ndugu yangu, pole sana. Nimekusoma mara mbili. Niliposema "mtaala wetu" na kuishia hapo, nilikuwa nimemfikiria anayebaki peke yake. Narekebisha: mtaala ukibaki wa kwao, basi Kiswahili kiwe somo la kila siku, lenye mwalimu na vitabu, kuanzia darasa la kwanza.

Na hapa ndipo nisipokubaliana na wanaosema ukimfundisha Kiswahili umemwambia abaki. Burundi yenyewe inakifundisha katika shule za msingi, pamoja na Kirundi, Kifaransa na Kiingereza. Kongo nako, Kiswahili ni mojawapo ya lugha zao nne za taifa. Burundi imo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, Kongo tangu 2022. Kiswahili atakachojifunza Kasulu atakitumia sokoni Uvira, mashariki mwa Kongo. Kwa mtoto anayesubiri bila kujua tarehe ya kuondoka, sioni lugha nyingine inayomfaa kote kuwili.

Mchangiaji wa tatu:
Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza, kijijini, huku huku Kasulu. Nawasoma mnaongea kana kwamba mtoto wetu anafika shuleni na Kiswahili mdomoni. Hapana. Wengi nyumbani ni Kiha tu. Januari nikisema "fungueni madaftari", nusu ya darasa wananitazama machoni wajue nimekasirika au nimefurahi.

Nina watoto wachache wa Warundi wanaoishi hapa kijijini. Kiha na Kirundi ni lugha za jirani kabisa, wanasikilizana bila mkalimani. Nikishindwa kueleza kwa Kiswahili nageukia Kiha, na mara nyingi wa kwanza kunyoosha mkono ni Mrundi. Siku ya kwanza, mwenyeji na mgeni wako sawasawa. Kufika Juni wanagombania mpira wa rede kwa Kiswahili, huwezi kuwatofautisha.

Lakini hicho Kiha nakitumia kwa kuibia. Sera inasema Kiswahili, na mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, akiingia mlangoni nanyamaza katikati ya sentensi. Mleta mada, somo lako la kila siku litamhitaji mtu atakayemshika mtoto kwa lugha anayoijua, kisha amvushe taratibu. Walimu wa Kigoma tunaojua Kiha na Kiswahili tupo, na kambi ziko kwenye wilaya zetu. Nina miaka kumi na mmoja kazini, na bado hakuna aliyewahi kutuuliza.