Tupeane uzoefu: Vita ilipofika, wanyama wenu mliwafanyaje?

Mwana wa Igogo
Salaam wakuu. Jana nikiwa Kamanga nasubiri feri, mzee mmoja alitukumbusha Machi 1979, ndege ya Libya iliyokuja kumsaidia Idi Amin wa Uganda, aliyekuwa vitani na Tanzania, ilipotaka kuupiga mji wetu wa Mwanza. Walilenga matangi ya mafuta, wakakosa, makombora yakaangukia kisiwa cha Saanane, ambacho enzi hizo kilikuwa bustani ya wanyama. Mwanza ikapona, wakafa swala.

Tangu jana hilo limenikaa moyoni. Binadamu ahesabiwe kwanza, sina ubishi. Lakini mbwa aliyeachwa kwenye mnyororo hajui kuna vita, anajua tu kwamba mwenye nyumba hajarudi na maji yameisha. Humu najua wapo waliokimbia vita, na wapo waliowapokea waliokimbia. Tuambieni mliyoyaona na kilichosaidia.

Mjukuu wa Misenyi
Nilikuwa mtoto huko Misenyi, Kagera, Oktoba 1978, askari wa Amin walipovuka mpaka wa Uganda. Baba hakuanza na godoro wala sufuria. Alichukua panga akakata kamba za mbuzi wote, akang'oa mlango wa banda la kuku, ndipo akamwambia mama tuondoke. Jirani yetu yeye alipiga kufuli zizi lake, kwa hesabu kwamba atarudi baada ya siku chache na wezi wasimwibie. Simlaumu, nani alijua? Vita ile ilikwenda hadi mwaka uliofuata. Tuliporudi, mle zizini mlikuwa na mifupa, imelala karibu na mlango.

Mbuzi wetu tuliwapata wachache migombani, wamekuwa wakali kama wa porini, lakini wazima. Ng'ombe wa kijiji waliporwa karibu wote.

Mbwa wetu alitufuata mpaka Mto Kagera. Daraja la Kyaka lilikuwa limeshalipuliwa, tukavuka kwa mtumbwi, na mwenye mtumbwi akasema mbwa hapandi. Mama hakubishana, kwa sababu ukingoni walikuwa wamebaki watoto wa watu. Nimekua nikiamini alifanya sawa, na bado mbwa yule namlilia. Yote mawili ni kweli.

Daktari mtarajiwa
Pole sana mkuu. Mimi nilikuwa Kharkiv, Ukraine, nikisoma udaktari vita ilipoanza tarehe 24 Februari 2022. Tulilala kwenye stesheni za treni za chini ya ardhi, na kila familia ya pili ina paka au mbwa ndani ya blanketi. Bibi niliyepanga kwake alikataa katakata kuondoka bila paka wake. Basi paka nikambeba mimi.

Niliyojifunza: paka usimbebe mikononi. Kishindo kimoja tu anakuchana na kupotea moja kwa moja. Mtie kwenye begi la zipu linalopitisha hewa, weka nguo yenye harufu ya mwenyewe, na usilifungue hata akilia vipi mpaka uwe chumba kilichofungwa. Kwenye treni kulikuwa na kusukumana, na sisi Waafrika tulirudishwa nyuma mara nyingi, lakini begi halikufunguliwa.

Mpakani Poland nilishangaa. Kwa kawaida Ulaya wanataka mnyama awe na chipu, chanjo ya kichaa cha mbwa na kipimo cha damu. Safari ile walilegeza, mnyama akaingia kwanza, karatasi zikafuata. Na waliobaki mjini walikuwa wakizunguka na funguo za majirani, wanalisha paka walioachwa ghorofani. Ukikimbia, mwachie mtu ufunguo, nasisitiza hilo.

Bwana mifugo mstaafu
Ngara, 1994. Mwisho wa Aprili, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, waliingia kupitia mpaka wa Rusumo wakimbizi wapatao robo milioni ndani ya siku moja. Upande wa Rwanda mbwa wasio na wenyewe walikuwa wanakula maiti, wanajeshi wakawapiga risasi. Habari zikavuka, na kila mbwa aliyefuata mkimbizi akapokewa kwa mawe. Hofu ile naielewa, mwaka ule maiti zilishuka na Kagera mpaka ziwani kwetu. Lakini mbwa mwenye chanjo na bakuli la ugali ni ulinzi kwa kijiji.

Kwa hiyo wanaopokea: mbwa achanjwe mapema. Akikung'ata, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, usisubiri aonyeshe dalili. Mbuzi na ng'ombe wageni watengwe kwanza, maana sotoka ya mbuzi na homa ya mapafu, magonjwa ya kuambukiza, husafiri na mifugo inayokimbia. Kuku wachanjwe dhidi ya mdondo.

Mama Dagaa, Kirumba
Mpangaji mwenzangu alitoka Goma, Kongo, mwaka 2025 mji ulipotekwa na waasi wa M23, kaja na mtoto na mbwa. Mbwa anakula dagaa na dona, hana tabu. Ila pikipiki ikipiga mlipuko anajibanza chini ya meza ya samaki hadi jioni. Tunamwekea maji palepale, hatumvuti. Ana kadi ya chanjo ya Kifaransa. Wataikubali?

Bwana mifugo mstaafu
Mama, mpelekeni ofisi ya mifugo ya kata pamoja na kadi. Kinachoangaliwa ni tarehe ya chanjo. Ikiwa haisomeki wanamchanja tena, haimdhuru. Na mwambie mwenzako, kama mbwa alivushwa mpaka bila kibali aseme ukweli, asifiche.

Mama Dagaa, Kirumba
Shikamoo mzee, asante. Jumatatu asubuhi, kabla ya mwalo wa samaki kuchangamka, tutakwenda wote watatu na mbwa.