Machale yananicheza kabla ya kulipia kiwanja: nisikilize moyo au ni wasiwasi tu?

Mpangaji wa Segerea:
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri. Kiwanja kiko Kibaha, muuzaji anataka hela yote Ijumaa. Karatasi nimeziona, lakini moyo hautulii. Usiku nashtuka, mapigo yanakwenda mbio, vidole na midomo inakufa ganzi. Nitajuaje kama ni tahadhari ya kweli au ni wasiwasi unaonisumbua?

Mama Ushauri:
Pole sana. Chukua karatasi, andika sentensi zinazoanza na "Naogopa kwamba". Moja moja, usizichanganye. Kisha kwa kila sentensi jiulize: kuna mtu, ofisi au hati inayoweza kunijibu wiki hii? "Naogopa kwamba huyu si mwenye kiwanja" ina pa kupelekwa. Hayo ni mashaka halali, yafanyie kazi. "Naogopa kwamba maisha yatanishinda" haina ofisi ya kuijibu. Huo ni wasiwasi, nao una dawa yake nyingine.

Dalili ya kuwatenganisha: shaka likipata jibu hunyamaza. Wasiwasi ukijibiwa hapa hurukia pale. Na mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili usiku huohuo, kwa hiyo usitafute kimoja tu.

Jirani Mwema:
Moyo haudanganyi, mkuu. Achana na hicho kiwanja.

Mama Ushauri:
Jirani, hapo tusimharakishe. Moyo unaweza kugundua kwamba kuna jambo haliko sawa, lakini haukwambii ni jambo gani. Pengine kinachomtisha ni haraka ya muuzaji, si kiwanja. Kukimbia bila kuangalia kunaufundisha mwili kwamba kila kinachotisha ni hatari, na safari ijayo hofu inakuja kubwa zaidi.

Karani wa Ardhi:
Basi tuyajibu hayo mashaka. Kama kina hati, omba nakala, peleka namba ya hati na ya kiwanja ofisi ya ardhi, ufanye upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Utaona jina la mmiliki, na kama kuna rehani ya benki au zuio. Linganisha jina hilo na kitambulisho cha muuzaji, herufi kwa herufi. Kama hakina hati, upekuzi huo hautakusaidia. Uliza halmashauri kama eneo limepimwa na limepangiwa matumizi gani.

Nenda kiwanjani na ramani ya upimaji, tafuta mawe ya mipaka, soma namba zilizoandikwa juu yake. Majirani waulize ukiwa peke yako, bila dalali. Mhuri wa serikali ya mtaa peke yake haumfanyi mtu kuwa mmiliki. Wengi wanaumizwa hapo. Kama kuna nyumba ya familia, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya mwenzi, na hiyo iwe ya maandishi. Malipo yapite benki, mkataba usainiwe mbele ya wakili uliyemchagua wewe. Muuzaji akikataa kusubiri upekuzi, hapo umeshapata jibu.

Mpangaji wa Segerea:
Asanteni sana. Nikishafanya yote hayo na usingizi bado usirudi? Na hii ganzi ni nini? Kuna aliyenishauri ninunue daiazepamu dukani.

Muuguzi wa Zamu:
Usinunue, ndugu yangu. Daiazepamu hutuliza haraka, ila ukiitumia kila siku kwa wiki kadhaa mwili huizoea, na kuiacha ghafla kuna hatari. Iandikwe na daktari.

Ganzi mara nyingi hutokana na kuhema haraka kwa hofu. Kabonidayoksaidi hupungua kwenye damu, ndipo vidole na midomo vinachonyota na kichwa kinakuwa chepesi. Mtu akidhani hewa haitoshi huvuta nyingi zaidi, na hali inazidi. Fanya kinyume: keti, mkono tumboni, vuta kwa pua ukihesabu hadi 4, toa polepole ukihesabu hadi 6, kwa dakika 5. Usivute kwa nguvu. Jizoeze mchana ukiwa mtulivu, maana zoezi geni halikumbukwi saa nane za usiku. Kahawa, chai ya rangi na vinywaji vya kuongeza nguvu viishie mchana.

Hofu ya ghafla kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika 10, kisha hushuka. Lakini maumivu ya kifua yanayokuja ukitembea au kupanda ngazi, kuzimia, au ganzi ya upande mmoja wa mwili, hayo ni ya hospitali saa hiyohiyo. Vivyo hivyo mawazo ya kujidhuru. Usibaki peke yako.

Wasiwasi ukiwapo siku nyingi kuliko zisizo nao kwa miezi 6, onana na daktari. Ukikuvurugia kazi au usingizi sasa hivi, usisubiri miezi hiyo. Muombe apime tezi ya shingo na wingi wa damu, kwani matatizo ya vyote viwili huendesha moyo mbio. Mtajie dawa zote unazotumia. Za pumu, kwa mfano, zinaweza kutetemesha mikono.

Mama Ushauri:
Niongeze moja. Tenga dakika 20 kila jioni, mbali na kitanda, za kuandika wasiwasi wote. Ukija usiku, uandike neno moja, uahirishe hadi jioni. Na upekuzi ukishajibu, usimuulize karani tena jambo lilelile. Kila uhakikisho wa nyongeza hutuliza saa chache, kisha unadai mwingine.