Pikapu za injini ndogo zenye tabo: zinatufaa au tumeuziwa mbuzi kwenye gunia?

Mchuuzi wa Kabeji, Mbale:
Wazee na wamama habari za jioni, nina jambo na najua litaleta kelele. Tangu 2018 sheria yetu ya Uganda haikubali gari lililopita miaka 15 kuingia nchini, kwa hiyo zile pikapu za dizeli zisizo na tabo (turbo, kile kifaa cha kusukuma hewa kwenye injini) zinaisha moja moja, ukienda bondi, yadi ya magari yaliyoagizwa, unakuta injini za lita 1.9, 2.4, hata lita 2 kavu, zote tabo zote kompyuta. Watu wanalia eti injini ya soda hiyo itabeba nini. Mimi napanda Kapchorwa mara tatu kwa wiki kuchukua kabeji na viazi, miaka tisa nilikuwa na Hilux ya injini inayoitwa 5L, ile lita 3 inayovuta hewa yenyewe, na mwaka jana nikachukua 2.4 ya tabo. Pale Sipi zamani nilikuwa natia gia ya pili nasali, leo naenda na ya tatu nikiwa na mzigo ule ule.

Na sio uchawi. Kule juu kwenye mita 1,800 hewa imebaki kama asilimia 80 ya ile ya pwani, injini ya kawaida inavuta hiyo hiyo nyepesi inakosa pumzi kama mtu wa Mombasa aliyepelekwa mlima Masaba (Elgon), ila tabo inashindilia hewa ndani ya silinda inarudisha kile kilichopungua. 5L ilikuwa na nguvu ya kuvuta karibu Nm (newtonmita) 200, hii 2.4 inafika 400. Mara mbili na injini ni ndogo! Kwa milima yetu mimi nasema tabo ndio yenyewe. Anayepinga alete sababu, asilete hasira.

Makanika wa Ndeeba:
Mzee hongera, ila una mwaka mmoja tu na hilo gari, mimi nakusubiri mwaka wa tano. 5L ilikuwa inakula chochote, noseli unafungua unapima na pampu ya mkono unabadilisha ncha, jioni gari limeondoka. Hizi mpya noseli inapuliza dizeli kwa presha ya zaidi ya baa 2,000, tundu lake hulioni kwa macho, halafu mtu ananunua dizeli ya chupa kando ya barabara ina maji ina vumbi anashangaa imenoki. Na tabo lenyewe linazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, linaelea kwenye utando wa oili tu. Mtu anafika juu ya mlima linawaka moto, anazima hapo hapo anaenda chai, oili inabaki kule ndani inakaangika inakuwa masizi. Ndio tunaonana huku.

Dereva, Moroto:
Umesema kweli sebo. Sisi kazini tulitolewa kwenye injini kubwa tukapewa ya lita 2, jina la gari naliacha. Kwenye lami safi sana, dizeli inakaa. Ila kwenye mchanga njia ya Kotido ukitaka nguvu kutoka chini gari linawaza kwanza, tabo likija kushika magurudumu yameshajichimbia. Kubwa ilikuwa inakupa pale pale.

Mwanafunzi wa Ufundi, Tororo:
Hamjagusa valvu, ile milango ya kupitisha hewa na moshi kwenye injini, na ndiko mambo yamebadilika. Zamani kamshafti inafungua valvu kwa mpango mmoja, uwe unapanda mlima uwe umesimama. Mitsubishi ilileta MIVEC, mfumo wake wa kubadilisha mpango wa valvu, kwenye dizeli ya gari dogo 2010, baadaye ikaingia pikapu yao L200 ya lita 2.4, valvu za kuingiza hewa zinabadilika kulingana na kazi, ndio maana mgandamizo, yaani hewa inavyobanwa ndani ya silinda, wameushusha mpaka 15.5 kwa 1 na bloki, mwili wa injini, ni ya alumini. Marekani wameenda mbali zaidi, pikapu ya Chevrolet Silverado ya 2019 ina injini ya petroli ya lita 2.7 silinda nne, kamshafti inateleza kidogo pembeni valvu zinafunguka sana au kidogo, ukiwa huna mzigo silinda mbili zinalala kabisa. Yaani injini moja inakuwa kama tatu.

Makanika wa Ndeeba:
Kijana wangu nakupenda, lakini hiyo mitambo ya valvu mingi inasukumwa na nini? Presha ya oili. Ikiwa nyeusi ina matope, ule mpango mzuri wote umekwisha. Na usifikiri kwao hakuharibiki, 2024 Ford waliita magari kama 90,000 ya 2021 na 2022 yenye injini za V6 (silinda sita) za tabo kwa sababu valvu za kuingizia zinaweza kukatika, mwaka huo huo Toyota wakaita magari kama laki moja, pikapu za Tundra na Lexus, kwa vyuma vilivyobaki ndani ya injini wakati wa kuchonga. Hao ndio wenye kiwanda.

Mama Spea, Kisekka:
Banange mnalaumu injini bure. Mteja anakuja na gari la mamilioni, namwonyesha oili inayotakiwa anasema mama hiyo ghali nipe ya jerikeni. Filta anapuliza mdomo anarudisha. Halafu gari la kubeba tani moja anapakia mbili, Mzee wa Kabeji na wewe nakujua usijifiche.

Mchuuzi wa Kabeji, Mbale:
Mama umenishika, mbili sio kila siku. Ila oili sichezi nayo, namwaga kila kilomita 5,000, na nikifika juu nasubiri dakika mbili ndio nazima, watoto wa pale wameshazoea wanadhani ni ibada. Makanika, mtu akifuata hayo bado unasema itakufa mwaka wa tano?

Makanika wa Ndeeba:
Akifuata hayo na dizeli anaweka ya kituo, hapana, itakaa. Nakubali. Shida ni kwamba kwa kumi wanaokuja kwangu hajawahi kuja wa hivyo.

Dereva, Moroto:
Sababu wa hivyo hana shida ya kuja kwako 😂

Afande Mstaafu, Gulu:
Mimi swali moja tu. Mzee, ile 5L ulimuuzia nani?

Mchuuzi wa Kabeji, Mbale:
Sijaiuza afande. Ipo nyuma ya nyumba nimeifunika turubai.