Yadi ya magari wananipa milioni 7.2 taslimu kwa Toyota IST yangu, au niwaachie waniuzie? Nipo Lindi, naombeni ushauri

Dada_wa_Mitwero
Habari za saa hizi wakuu. Nina IST namba D, niliichukua 2019 Dar kwa mtu nikaja nayo mwenyewe, sasa imefika kilomita laki na themanini na kitu. Haijawahi kugonga, ila bampa ya nyuma ilipigwa rangi mara moja baada ya bodaboda kuikwangua. Nauza kwa sababu nyumba yangu imeishia kwenye lenta tangu mwaka juzi, nataka niipaue kabla ya mvua za Desemba, kuta zimenyeshewa misimu miwili roho inaniuma.

Ijumaa nikaipeleka yadi moja Mtwara mjini. Jamaa akafungua kifuniko cha oili akapitisha kidole akanusa, akatoa sumaku ndogo akawa anaipitisha kwenye bodi mlango kwa mlango, ilipofika ile bampa hata hakuhangaika nayo. Halafu akalala chini kabisa na shati lake jeupe, akakwangua chasisi kwa funguo, akaibuka na kutu kiganjani ananionyesha, "dada, chumvi ya bahari imeshaanza kula hapa." Baada ya hapo akataja 7.2 taslimu. Mimi nilikuwa na 9 kichwani.

Nilivyonyamaza akaniambia kuna njia ya pili, niiache pale waniuzie, changu 9 kamili, kinachozidi chao, ila niwaachie kadi orijino ya gari na nisaini mkataba wa mauziano sehemu ya mnunuzi ibaki wazi, ili mteja akitokea nisisumbuke kutoka Lindi. Nimeomba siku 5 nifikirie. Mwenye uzoefu anisaidie jamani.

MkulimaTandahimba
Dada usiuze sasa hivi. Huu ni mwezi wa saba, huku kwetu watu hela yote imeishia kwenye salfa ya mikorosho na vibarua vya kuipulizia, nani ana milioni 9 ya gari? Subiri Oktoba minada ya korosho ianze, hela zikiingia kwenye akaunti za wakulima utaona magari yanavyotafutwa. 2024 minada ya mwanzo bei ilipita 4,000 kwa kilo, kijijini kwangu watu walinunua gari wiki hiyohiyo bila kubishana sana.

Ila nikwambie na upande mwingine maana sitaki nikudanganye. Huku juu mchanga ni mwingi, mtu wa shamba anataka Noah au Probox ya kubebea magunia, IST iko chini inakwama. IST yako mteja wake ni mfanyakazi wa mjini, mwalimu, nesi, mtu wa benki, na huyo mshahara wake haujui msimu. Halafu msimu ukianza na bati zinapanda na mafundi wa kupaua hawashikiki, kila mtu anajenga kwa hela ya korosho. Kwahiyo piga hesabu zako vizuri, unaweza kuongeza laki 8 kwenye gari ukazirudisha zote dukani kwenye bati.

Zamani_Yadini
Nimefanya kazi yadi miaka mitatu kabla sijarudi Masasi, ngoja nikueleze wanavyopiga hesabu. Yadi hawaangalii wewe ulinunua shilingi ngapi, wanaanza na bei watakayouzia wao. Tuseme hiyo IST wanaona itatoka 9, hapo wanatoa sevisi, matairi kama yamechoka, kupiga polishi, pango la kiwanja, mlinzi, na dalali atakayeleta mteja, na gari inaweza ikalala miezi mitatu hela yao imefungwa humo ndani. Kinachobaki ndio faida. Kwahiyo 7.2 haijatoka hewani, lakini bei ya kwanza ya yadi siku zote ina nafasi ndani yake, sisi tulikuwa tunaacha kama laki 4 au 5 za kupandia tukiona mtu anajua anachofanya.

Na tulikuwa tunamjua kwa makaratasi. Mtu akija na risiti za sevisi, bima haijaisha, na ametoa kabisa printi ya kuonyesha gari haina deni la trafiki wala la maegesho, huyo hatumzungushi. Kuhusu kutu, akikukata laki 3 mwambie aite fundi wa kuchomelea atoe bei hapohapo mbele yenu, mara nyingi haifiki hata nusu.

Hiyo ya kuwaachia nisikilize vizuri. Gari waliyoinunua wao wanaihangaikia kwa sababu hela yao imo. Gari yako haiwaumi chochote, inakaa juani, betri inakufa, wakati mwingine vijana wanaenda nayo kununua chakula, na baada ya miezi miwili wanakupigia "mteja kafika 8, achia tu dada." Wakati huo umeshachoka unaachia.

Noah_Iliniponza
SISTER USISAINI MKATABA WENYE NAFASI WAZI. Samahani kwa herufi kubwa lakini hili limenitesa. 2021 niliacha Noah yangu kwenye yadi moja, sitaitaja, nikasaini hivyohivyo, wakauza, hela yangu nikapewa yote, nikafurahi. Miezi minane baadaye naingiza namba ya gari kwenye mfumo wa faini wa polisi sijui hata nilikuwa natafuta nini, nakuta makosa 14 ya mwendo kasi, kila moja 30,000, jumla 420,000, gari iko mkoa ambao sijawahi kukanyaga na jina kwenye kadi bado ni langu. Yadi wananiambia tulimuuzia fulani, fulani anasema alishamuuzia mwingine, mkataba unapita mkono kwa mkono na kila mmoja anakwepa gharama ya kuhamisha umiliki. Faini ndio ndogo, mimi nilikuwa silali nikiwaza hiyo gari ikigonga mtu askari wanakuja kwa nani? Kwa aliyeandikwa kwenye kadi. Ilinichukua karibu mwaka kumpata mwenye gari na kumbembeleza twende TRA (mamlaka ya mapato) kuhamisha umiliki.

Kama yadi wanainunua, waandike jina la yadi yao au la bosi wao kwenye mkataba, na TIN yake (namba ya mlipakodi), na muende TRA wote wawili. Kadi usiitoe mkononi mpaka hela umeiona kwenye akaunti yako, na sio meseji anayokuonyesha kwenye simu yake, nenda kaunta ya benki uulize salio.

Dada_wa_Mitwero
Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. @Noah_Iliniponza pole sana, umeniokoa, nilikuwa nimeshaona ile ya 9 ndio nzuri. Sasa gharama za kuhamisha analipa nani, mimi au wao?

Zamani_Yadini
Ni makubaliano, kawaida anayenunua. Yangu nilipohamisha ilikuwa 50,000 ya uhamisho, 10,000 ya kadi mpya na ushuru wa stempu asilimia 1 ya bei ya gari. Iandikwe kwenye mkataba nani analipa, isibaki maneno ya mdomoni. Na andikeni tarehe na SAA ya kukabidhiana gari, kosa likitokea baada ya hapo una pa kushikia.

Dada_wa_Mitwero
Wakuu nimerudi. Jana nimeenda na risiti zangu zote kwenye bahasha, na printi kwamba sina deni. Nikamwambia jamaa sitaki kuacha gari, nataka anunue yeye, jina lake liwepo. Alikataa kwanza, akasema hawafanyi hivyo. Nikamwomba tuite fundi wa kuchomelea kwa ajili ya ile kutu, fundi akaingia chini na tochi, akagonga gonga na nyundo, akasema ni vipande viwili, laki na ishirini. Jamaa akanyamaza, akaenda kuongea na simu nje kama dakika kumi hivi. Akarudi na 7.7, jina la bosi wake kwenye mkataba na uhamisho wanalipa wao.

Nimekubali. 9 sijaipata, lakini fundi bati ameniambia kwa hii napaua yote na hela ya dari inabaki. Kesho saa 3 asubuhi tunakutana benki kwanza halafu TRA, kadi nimeilalia chini ya mto.

Noah_Iliniponza
Usisahau kupiga picha dashibodi siku ya kukabidhi, kilomita zionekane. Hongera dada.