Askari wa Ukuta wa Hadrian walikuwa watu wa wapi? Waafrika walikuwepo au tunajipendekeza?

Wakuu, kuna ubishi umenichosha, nauleta hapa tuumalize au tuuendeleze, vyovyote. Upande mmoja wanasema askari wa Kirumi waliolinda mpaka kule kaskazini mwa Uingereza walikuwa Wataliano watupu, ukitaja Afrika unaambiwa hizo siasa za siku hizi. Upande wa pili, wa kwetu huu, wanashika kikosi kimoja basi wanatangaza ukuta mzima ulilindwa na watu weusi. Mi naona wote wanapiga chumvi.

Ukuta ulianza kujengwa mwaka 122 kwa amri ya mtawala Hadrian, kilomita kama 117, Wallsend upande wa mashariki mpaka Bowness magharibi. Waliojenga ni lejioni 3 (majeshi makubwa ya raia wa Kirumi) ila waliobaki kuula ubaridi (vile vibao vya mbao vyenye barua vya ngome ya Vindolanda, vya kabla hata ya ukuta, vinataja mpaka soksi na chupi walizotumiwa) ni vikosi saidizi, na hao ndo waliokusanywa kila kona ya himaya. Twende ngome kwa ngome: Housesteads Watungri wa pande za Ubelgiji, Birdoswald Wadaki wa Romania ya leo, Carvoran wapiga mishale wa kutoka Hama kule Syria. Na Burgh by Sands, karne ya 3, kikosi cha Wamauri, yaani Moroko na Algeria, jiwe lao walilomchongea mungu Jupita limewataja watawala Valerian na Gallienus. Anayesema Afrika haikuwepo akabishane na jiwe.

Lakini na nyie wa kwetu tulieni. Mmauri ni mtu wa Afrika Kaskazini, wengi wao ni mababu wa hawa Waberberi. Weusi wanaweza kuwepo ndani yake, ila jiwe halisemi rangi. Mrumi kwenye kaburi anakuandikia kabila, umri, miaka ya utumishi, habari ya ngozi hana.

Halafu hili ndo kubwa kwangu: jina la kikosi sio cheti cha kuzaliwa. Kikosi kikikaa sehemu moja miaka mia kinaandikisha vijana wa palepale, wengine watoto wa askari wenyewe na mama zao wa hapo kijijini, jina linabaki lilelile. Coastal Union ni ya Tanga, haya muulize golikipa kazaliwa wapi.

*

Mkuu kwa vikosi sikupingi ila umewaruka watu. South Shields, ngome ya mlangoni mwa mto Tyne karibu na ukuta, kuna kaburi la Victor, kaandikwa Mmauri, miaka 20. Hilo sio jina la kikosi, huyo ni mtu. Septimius Severus mtawala mzima kazaliwa Leptis Magna, Libya, kafia York mwaka 211. Gavana wa Uingereza Lollius Urbicus kwao Algeria. Sasa 2017 katuni ya BBC ya watoto ilipomchora baba wa familia ya Kirumi pale Uingereza ni mweusi watu walichachamaa, profesa wa historia ya Warumi Mary Beard akatetea tu kidogo akaoga matusi siku kadhaa. Swali langu moja: mbona Mtungri haombwi ushahidi?

*

Hapo kwenye swali umenikamata, sina jibu. Ila Victor msimfanye askari jamani, kila siku mnamleta. Kaandikwa mtumwa aliyeachwa huru na Numerianus, huyo Numerianus ndo askari, wa farasi, kikosi cha Waasturia wa Hispania. Victor mwenyewe kachongwa kajilaza kwenye kochi kama yuko karamuni.

Na palepale South Shields kuna jiwe lingine mi ndo naliona la kutufundisha. Barates, mtu wa Palmyra, Syria, kamzika mkewe Regina, mwanamke wa Kikatuvelauni wa kusini mwa Uingereza, alikuwa mtumwa wake akamwacha huru akamuoa, kafa na miaka 30. Juu Kilatini cha kawaida. Chini yake jamaa kaongeza mstari kwa lugha ya kwao, ambayo pale majirani sidhani kama walikuwa wanaisoma: Regina, aliyeachwa huru na Barates, ole. Basi.

Sasa nyie mnaotaka majibu ya ndiyo au hapana, tuseme hawa wawili walipata mtoto wa kiume, akakulia pale mtoni Tyne, akafika miaka 18 akaingia kikosi cha Waasturia. Mnamwandika wa wapi?